Kigelegele Kisichoitikiwa

Habari ilinikuta uani nikitawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Mwendesha pikipiki anayefanya safari za Wamaza alisimama mbele ya ua wangu, hakuzima injini, akapaza sauti juu ya kelele zake: "Papa Gazeti! Ule mama wa kupokea watoto, ule wa vigelegele vya Noeli, ameisha kufa!" Nikabaki na kopo mkononi, maji yakimwagika miguuni bila mimi kujua. Alikuwa amekwenda Wamaza kumsaidia mama yake kuvuna mpunga, akaanguka shambani. Wakamweka juu ya pikipiki, kaka yake akimshika kwa nyuma, ili wamwahishe hospitali ya Kasongo. Barabara yetu mnaijua. Penye kijito mvua ilikuwa imekula njia, wakamshusha, wakambeba mikononi, wakampandisha tena, na mbele kidogo kaka yake akahisi kwamba anashika kitu kingine, si dada yake. Wakageuza pikipiki na kumrudisha kwa mama yao. Nilitawadha upya, maana nilikuwa nimesahau nilipofikia, na katika sala ile nililia.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wataniuliza: wewe mtu wa msikitini, una nini na mwimbaji wa kwaya ya kanisa hata uandike safu nzima ya machozi? Kwanza, mimi ni mtu wa Kasongo, na hapa kwetu pilau ya Idi huliwa na jirani Mkristo, na Noeli hunikuta mimi nje ya dirisha la kanisa, mahali pangu pa miaka yote, nimeegemea ukuta nasikiliza. Pili, kuna siku moja ya zamani. Mke wangu alipokuwa katika uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa uani pa nyumba ya uzazi pamoja na baba zangu wadogo na shangazi zangu, nikizunguka mpapai. Mama huyu, wakati huo bado kijana katika kazi, alitoka mlangoni akanitolea macho. "Papa, kaa chini! Unazunguka-zunguka hapa sawa mbuzi wa kamba. Bibi yako ndiye anazaa, hapana wewe." Nikakaa.

Nieleze hapa desturi yetu kwa ajili ya wageni. Mtoto akizaliwa mzima, aliyempokea hatoki na maelezo. Anasimama mlangoni, anaweka mkono kinywani, anapiga vigelegele, na wanawake walioko uani wanavipokea, wa ua wa jirani wanavipokea kutoka kwao, mpaka mtaa mzima unajua kwamba kuna mtu mpya. Ni lazima viitikiwe. Vigelegele visipoitikiwa ni sawa na mgeni kupiga hodi akaachwa mlangoni. Lakini mtoto akizaliwa hapumui, hakuna anayetoka kusema neno. Kimya ndicho habari yenyewe. Watu wa uani wanasikiliza, kimya kinarefuka, wanawake wanashusha macho, halafu wanaume wanaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda kutafuta majembe. Siku ile kimya kilirefuka, nikamwona baba yangu mdogo anavaa viatu vyake polepole bila kuniangalia. Ndipo mlango ukafunguka na sauti yake ikatoka, nyembamba na kali, ikipanda juu ya mabati. Shangazi zangu walimwitikia mpaka mmoja akaangusha kilemba chake. "Iko muzima," mama yule aliniambia baadaye akinipita na beseni. "Alitaka kutusumbua tu. Amefuata baba yake." Tangu hapo tulikuwa watu wa kutaniana, yeye akiniita Papa Gazeti, mimi nikimwita Mama Hodi.

Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosekane. Hakuwa mwimbaji wa mfano. Alichelewa mazoezi, na mara nyingi hakufika kabisa, kwa sababu watoto hawazaliwi kwa ratiba ya kwaya. Alipofika, alifika ananuka sabuni ya hospitali, kitenge cha sare kimekunjamana, na alitafuna karanga katikati ya mafundisho. Wenzake walimlalamikia, yeye akawajibu kwamba wengi wao yeye ndiye aliyewakata kitovu, kwa hiyo wanyamaze waimbe. Alijua maneno ya nyimbo zote, lakini karatasi za muziki alizitumia kujipepea.

Ikafika Noeli ile ya kurekodi. Kiongozi wa muziki, mtoto wa hapa hapa aliyesomea kazi hiyo Kinshasa, alikuwa amerudi na ndoto ya kukusanya kwaya za Kasongo, Wamaza na Kabambare ziwe kwaya moja, na nyuma yake aweke okestra kamili. Watu walicheka, kisha wakashona sare. Matarumbeta yalikuwa ya shule, yamebonyea hapa na pale lakini yanalia. Fidla zilitafutwa mbali, filimbi zikaletwa na masista, ngoma hazikuhitaji kutafutwa. Mafundi wa kurekodi walitoka Bukavu na vipaza sauti vyao. Ili mashine isipokee kelele, mji wote uliombwa kunyamaza. Wanakwaya walisimama barabarani na matawi ya mchikichi kusimamisha pikipiki, mbuzi wakafungwa mbali, na kiongozi mwenyewe alikuja msikitini na katekista wake kumwuliza imamu kuhusu adhana. Imamu alicheka. "Adhana haisogezwi, mwanangu. Lakini kati ya adhuhuri na alasiri wakati ni wenu, na hata watoto wa madrasa nitawanyamazisha." Nilijisikia fahari siku ile kuwa mtu wa mji huu.

Wimbo mkubwa wa siku alikuwa ameutunga kiongozi huyo mwenyewe. Unaanza chini, na ngoma peke yake, sauti zinaingia moja baada ya nyingine, matarumbeta yanakuja, kanisa linajaa mpaka vioo vinatetemeka, halafu wote pamoja wanatamka, "Mtoto amezaliwa!" na papo hapo kila kitu kinakatika. Kimya. Kiongozi alikuwa amekipanga kimya kile kwa makusudi, kiwe kimya cha kumwabudu Mungu, kabla ya filimbi moja kuanza tena taratibu. Katika mazoezi kimya hicho hakikuwahi kuwa kimya. Daima kulikuwa na pikipiki inayopita, mtoto anayelia, mtu anayekohoa. Siku ya kurekodi ndiyo mara ya kwanza mji mzima kunyamaza kweli. Nilikuwa dirishani pangu. Neno lilitamkwa, likakatika, na Kasongo yote haikutoa sauti. Wale walioimba walisimama midomo wazi. Kimya kikarefuka, na mimi, bila kujua kwa nini, nikatazama miguu yangu kama ina viatu.

Hapo akapiga kigelegele. Peke yake, kutoka safu ya nyuma ya sauti ya pili, mkono kinywani. Kilipanda mpaka kwenye paa, kikakaa huko, kikashuka. Mamia ya wanawake walikuwemo kanisani na hakuna hata mmoja aliyeitikia, maana walikuwa wamekatazwa hata kupiga chafya. Mkono wa kiongozi ulibaki hewani. Kisha mpiga filimbi, maskini, asijue la kufanya, akaanza sehemu yake, na wimbo ukaendelea mpaka mwisho. Kiongozi aligeuka uso umemvimba kwa hasira akaamuru warudie. Kabla hawajajipanga adhana ya alasiri ikaanza. Wakangoja kwa adabu. Adhana ilipokwisha mvua ya Desemba ikaangukia mabati, na mwenye kuijua mvua hiyo anajua kwamba chini yake hakuna wa kurekodi kitu. Mafundi wakafungasha mali yao. Baadaye walijaribu kukiondoa kile kigelegele kwa mashine, wakashindwa, kwa sababu mwangwi wake ulikuwa umeingia katika filimbi, na kilipotoka kilitoka na wimbo.

Komite ya kwaya ilimsimamisha mpaka Pasaka. Alirudisha sare ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, mara ya kwanza watu kuiona imepigwa pasi. Nilimkuta sokoni siku hizo anachagua samaki wa Lualaba, nikataka kumtania, nikaona macho yake nikaacha. Nilimwuliza tu ilikuwaje. "Papa Gazeti, wanasema nimevuruga kazi. Ni kweli, nimevuruga," akasema huku akigeuza samaki. "Lakini ile kimya, miye naijua. Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa kule Wamaza, kwa nyumba ya mama. Mama alikuwa kwa mulango, mukono aliisha kuuweka kwa kinywa. Akangoja. Akangoja. Kisha akaushusha. Nilikuwa nimelala pale, nikamuona na macho yangu namna anashusha mukono. Tangu siku ile, watu wakisema mutoto amezaliwa na wananyamaza, mwili wangu unakataa. Nilisahau ni wimbo, Papa." Hakupata mtoto mwingine, hilo nilikuwa nalijua, ila sikujua kwamba kazi yake yote ya kusimama mlangoni na kupaza sauti ilianzia hapo. Nikamwambia kwamba adhabu ni ya muda, itapita. Akatikisa kichwa. "Siyo ile inaniuma. Kunisimamisha, waache wanisimamishe. Lakini hata mama mumoja hakuniitikia. Hata mumoja." Halafu akamgeukia mwuza samaki na kumwambia kwamba samaki wake amekufa tangu juzi, apunguze.

Yaliyofuata mnayajua, maana mmeyabeba mifukoni. Muziki ule uliingia katika simu, ukatoka simu hadi simu, ukafika Kabambare kabla ya mafundi kufika kwao. Waendesha pikipiki waliufungulia njiani. Wenye maduka waliuweka mlangoni mchana kutwa, hata mwezi wa Juni. Na kila mtu alikuwa akingoja sehemu moja. Watu walinyamazishana: "Ngoja, ngoja, sasa anakuja." Kilipopita walirudisha nyuma wakisikie tena. Wimbo wenyewe ukapoteza jina lake, ukaitwa wimbo wa vigelegele. Niliposikia hivyo nilifurahi kwa ajili yake, nikadhani dunia imemlipa. Sasa ninapoandika haya naona tofauti. Sisi tuliozaliwa kabla ya simu tulikuwa na sherehe zisizobaki popote. Zilikwisha watu walipokwenda kulala, lakini ndani yake hakuna aliyeita asiitikiwe. Sasa tunahifadhi kila kitu. Kigelegele cha kwenye simu unakisikiliza, unakisifu, unamtumia rafiki, lakini hukiitikii. Utamwitikia nani? Mwanamke mmoja aliita kanisani, na Maniema ya kusini yote ikageuka wasikilizaji.

Pasaka ilipofika walimrudisha kwa heshima. Kiongozi wa muziki, ambaye si mtu mbaya, alikwenda mwenyewe mpaka nyumba ya uzazi kumwomba. Na Noeli iliyofuata akamwambia, mbele ya kwaya yote, kwamba sasa ile sehemu ni yake, imeandikwa kwenye karatasi, na kipaza sauti kitawekwa karibu naye. Kanisa lilijaa kuliko mwaka wowote. Watu walitoka hata kwenye machimbo kuja kusikia kitu kimoja. "Mtoto amezaliwa!" wakatamka, okestra ikakatika, kila shingo ikageuka upande wa sauti ya pili. Yeye akasimama tu, mikono imeshika karatasi. Kimya kikapita, filimbi ikaanza, na minong'ono ya kusikitika ikaenda kanisa zima. Nilimngojea nje nimgombeze. "Mama Hodi, umetunyima!" Akacheka, lakini kidogo. "Ule mwaka nilisahau ni wimbo, Papa. Leo nilijua ni wimbo. Miye sipigii karatasi vigelegele, napigia mutoto." Hakupiga tena kanisani mpaka amekufa. Kwenye mlango wa nyumba ya uzazi, alipiga mpaka wiki ile aliyoondoka kwenda kuvuna mpunga.

Tulikwenda Wamaza asubuhi ya pili kwa pikipiki, wanakwaya wachache waliopata usafiri, kiongozi wao, na mimi mzee wa gazeti nyuma ya kijana aliyeendesha kama amemwibia mtu. Penye kijito sote tulishuka, tukavuka kwa miguu, kwa sababu kila mmoja alijua ni pale. Msibani wanawake walikuwa wamekaa chini na nguo zimefungwa kiunoni, jeneza likiwa katikati ya uwanja chini ya kivuli cha turubai, na kichwani pake, juu ya mkeka, mama yake mzazi. Ni mwanamke mkongwe, mdogo wa mwili, macho yamefifia. Hakulia. Alikuwa amewekea jeneza kiganja, anapapasa ubao kama anayebembeleza.

Kwaya ya watu wachache bila okestra ilisikika dhaifu pale nje. Baada ya nyimbo mbili hivi mpiga tarumbeta mmoja, kwa nia njema, akasema afadhali wafungulie ule muziki wa Noeli, marehemu asindikizwe na kwaya yote. Alikuwa na spika ya betri. Kiongozi akakubali kwa kichwa, mawazo yake yako mbali. Ngoma ikaanza, sauti zikaingia, matarumbeta yakaja, watu wakatulia. Sidhani kama kuna aliyekumbuka mapema. Mimi nilikumbuka pale sauti zilipoanza kupanda, nikamtazama kiongozi, nikaona naye amekumbuka. Msibani kwetu vigelegele havipigwi. Alinyoosha mkono kuelekea ile spika ili aizime, mkono ukafika karibu, akaurudisha.

"Mtoto amezaliwa!" Kimya. Kisha yeye mwenyewe, mzima, akapaza sauti juu ya jeneza lake.

Wanawake waliziba vinywa vyao. Filimbi ilipoanza, kiongozi alizima muziki, na uwanja ukabaki bila sauti. Bibi yule wa mkekani aliinua kichwa. Simu hana, na wimbo huo, nilikuja kuambiwa, alikuwa akiusikia ukipita tu barabarani, hajawahi kuukalia akausikiliza. "Huyu ni mutoto wangu," akasema. "Ni sauti yake. Nani alimuitikia?" Tukatazamana. Bibi akageuza uso wake huku na huku, akitafuta mtu. "Nawauliza ninyi watu wa Kasongo. Siku ile, mutoto wangu aliita. Nani alimuitikia?"

Kiongozi wa muziki alipiga magoti kwenye ukingo wa mkeka. "Hakuna, Bibi," akasema. "Tulinyamaza."

Kiganja cha Bibi kilikuwa bado juu ya ubao. Halafu akakiinua. Niliuona mkono ule mwembamba ukipanda, nikajua ni mkono gani: ni ule ulioshushwa mlangoni, katika nyumba iliyokuwa nyuma yetu pale pale, siku ile mjukuu wake alipozaliwa bila pumzi. Akauweka kinywani. Sauti iliyotoka ilikuwa imechakaa, imepasuka katikati, haikufika hata kwenye ua wa jirani. Lakini ilikuwa kigelegele, nayo ilikuwa jibu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaitikia huku analia, akafuata mwingine, na mwingine, wengi wao wakiwa wamepokewa duniani na mikono ya aliyelala pale, mpaka desturi ya msiba ikavunjika yote na sisi wanaume tukainamisha vichwa. Tukamzika hivyo.

Nimezoea kuwapa ninyi wasomaji funzo mwishoni, na safari hii sina kubwa. Mwanamke huyu hakutaka sifa, wala kipaza sauti, wala sehemu yake kwenye karatasi. Alitaka mama mmoja amwitikie. Tulikuwa na miaka ya kufanya hivyo, sokoni, njiani, mlangoni pa nyumba ya uzazi, kwa neno moja tu, na tuliitumia miaka hiyo kumrudisha nyuma kwenye simu ili tumsikie tena. Kama kuna mtu karibu nawe anayeita leo, mwitikie leo, angali ana masikio. Mwezi wa Desemba kwaya itaimba tena wimbo ule. Kiongozi ameniambia hatakifuta kile kimya, wala hatamweka mtu mwingine mahali pake. Nami nitakuwa nje ya dirisha langu, nikingoja, nikijua safari hii kwamba hakuna mlango utakaofunguka.